Slaidi ina tumbo: tufundishwe maneno, si vitufe tu

Wiki mbili zilizopita, mwendo wa saa tatu usiku, simu yangu ililia. Alikuwa shangazi. Mimi nilipewa jina la baba yake, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto yeye huniita baba, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua kuna jambo.

"Baba, umelala?"

"Bado, shangazi. Kwema huko?"

"Si kwema. Ile chati yangu imeniua."

Nilidhani kompyuta imezimika au faili imepotea. Ukishajulikana kijijini kwamba unaandika programu, basi wewe pia ni fundi wa printa, wa redio na wa simu zilizoanguka majini. Lakini haikuwa hivyo. Nitawasimulia kwa ruhusa yake, kisha niseme lililo moyoni mwangu, kwa sababu jambo lililompata yeye linaweza kumpata yeyote kati yetu anayetengeneza slaidi.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 43. Kwa mkutano mkuu wa mwaka huu alitayarisha slaidi 14. Slaidi ya tisa ilikuwa na chati ya duara yenye vipande vitatu: mikopo iliyokwisha kulipwa, inayoendelea kulipwa, na iliyochelewa. Hakuna jina la mtu hata mmoja, asilimia tu. Mkutano ukaisha vizuri, watu wakala, wakaenda zao. Jioni mwenyekiti akamwomba aitume ile faili kwenye kundi la WhatsApp la chama ili wasiohudhuria nao waione. Akaituma.

Kesho yake mwanachama mmoja aliifungua kwenye laptopu. Alitaka kujua hesabu kamili ya kile kipande cha mikopo iliyochelewa, akabonyeza chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuhariri data. Likafunguka daftari zima la Excel. Majina 43, nambari za vitambulisho, kiasi alichokopa kila mmoja, tarehe, na safu ya mwisho ambayo shangazi alikuwa akijiandikia mwenyewe ili asisahau. Mbele ya jina moja: "ameomba hadi Agosti, mtoto amelazwa." Mbele ya jina la mama mmoja: "mumewe hajui."

Kufikia adhuhuri kundi zima lilikuwa linajua, na kufikia jioni mumewe naye alijua.

Swali ambalo kila mtu alimuuliza shangazi ni hili: kwa nini uliweka daftari lote kwenye slaidi? Jibu lake, ambalo wengi hawakuliamini, ni kwamba hakuliweka. Aliweka chati. Wapo waliosema alifanya makusudi, wapo waliosema ni uzembe. Mimi nasema si makusudi wala si uzembe. Alikosa neno moja.

Daftari liliingiaje?

Mwaka uliotangulia shangazi alinakili chati kutoka Excel na kuibandika kwenye PowerPoint bila kuchagua lolote. Ukifanya hivyo, kwa kawaida programu huiunganisha chati na faili ya Excel ilikotoka. Picha ya chati utaiona, lakini data yenyewe imebaki kwenye faili yake. Siku ya mkutano akatumia laptopu ya kuazima, slaidi zikiwa kwenye flashi. Mwanachama mmoja akaona kosa katika tarakimu, shangazi akataka kulirekebisha papo hapo, kompyuta ikamjibu kwamba faili iliyounganishwa haipatikani. Aliaibika mbele ya watu.

Mwaka huu akamwuliza kijana wa saiba afanye nini lisijirudie. Kijana akamwambia: ukibandika, chagua ile ikoni nyingine. Ile ikoni nyingine ndiyo ya kupachika. Chati iliyopachikwa hubeba daftari lake lote, hata kurasa ambazo hazikutumika kuchora chati hiyo. Kijana hakudanganya, tatizo la awali lilikwisha. Ila hakuna aliyemweleza shangazi kwamba sasa, popote slaidi iendapo, daftari linakwenda nayo.

Chati mbili, iliyounganishwa na iliyopachikwa. Ukiziangaza ukutani kwa projekta hutaona tofauti hata kidogo. Ndani ya faili tofauti yake ni kama ya mtu aliyekuonyesha picha ya nyumba yake na mtu aliyekukabidhi ufunguo.

Karatasi ya plastiki haikuwa na tumbo

Tunadanganywa na historia ya kitu hiki. PowerPoint ilianza kuuzwa mwaka 1987, kwa kompyuta za Macintosh peke yake. Iliundwa na Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya Forethought huko California, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Kazi ya toleo la kwanza ilikuwa kutayarisha kurasa za rangi nyeusi na nyeupe za kuchapwa, ziwekwe juu ya projekta ya taa. Waliosoma vyuoni miaka ya tisini wanazikumbuka zile karatasi za plastiki ambazo mwalimu aliziandikia kwa kalamu na kuzifuta kwa kidole chenye mate.

Karatasi ya plastiki ni karatasi tu. Unachokiona ndicho kilichopo. Ukikata pembe kwa makasi, pembe imekwenda. Ukiitoa kwenye rundo, haimo tena kwenye rundo. Neno "slaidi" nalo lilitoka kwenye zile picha ndogo za filamu zilizoangazwa kwa taa, ambazo pia hazikuwa na kitu kingine nyuma yake. Tumerithi jina, na pamoja na jina tumerithi dhana kwamba slaidi ni bapa.

Si bapa. Chukua faili yoyote ya pptx, aina iliyoanza na Office 2007. Tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina kutoka pptx kuwa zip, kisha ifungue. Utakuta mafolda: moja la slaidi zenyewe, moja la picha, moja la maelezo ya msemaji, na kama kuna chati zilizopachikwa, folda linaloitwa embeddings lenye madaftari mazima ya Excel ndani yake, tayari kufunguliwa na yeyote. Jumapili iliyopita nilimwonyesha shangazi jambo hili kwenye faili yake mwenyewe. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ina tumbo!" Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo katika miaka yote niliyofanya kazi hii.

Jozi za maneno zinazofaa kujulikana

Hoja yangu ni kwamba istilahi za programu hizi si mapambo ya wataalamu. Kila jozi ya maneno hapa chini inatenga vitu viwili vinavyofanana ukutani na visivyofanana tumboni. Usipokuwa na maneno mawili, utaona kitu kimoja.

*Kuunganisha na kupachika.* Hiyo tumeshaiona. Nyongeza ni moja tu: kama hutaki lolote kati ya hayo mawili, bandika chati kama picha. Picha haina daftari. Kwa slaidi zitakazosambazwa, mimi hubandika picha karibu kila mara.

*Kukata kingo na kufuta.* Umepiga picha ya daftari la mahudhurio, ukakata kingo ibaki ile sehemu ya juu yenye jina la chama. Nambari za simu za watu hazionekani tena. Lakini PowerPoint haikuzitupa, imezifunika tu. Yeyote atakayebonyeza picha na kuvuta kingo kurudi zilikokuwa atazisoma zote. Ili zitoke kweli, fungua amri ya kubana picha na uweke alama kwenye sehemu ya kufuta maeneo yaliyokatwa. Jina la Kiingereza tunalolitumia wengi, kukropu, linatufanya tufikirie makasi. Ni pazia.

*Kuficha slaidi na kuiondoa.* Slaidi iliyofichwa hurukwa wakati wa kuonyesha, basi. Imo kwenye faili, na atakayeipokea ataiona kwenye orodha ikiwa imefifishwa. Ndivyo yalivyo pia maelezo ya msemaji, yale unayojiandikia chini ya slaidi. Nimewahi kupokea slaidi za kuomba kazi ambapo chini ya bei palikuwa na maelezo: "wakisumbua, shuka hadi nusu." Waliposumbuliwa, walishuka hadi nusu. Tulijua.

*Kisanduku cha maandishi na kishika nafasi.* Jozi hii haivujishi siri ya mtu, lakini ndiyo inayokula saa nyingi za watu, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Ukifungua slaidi mpya unaona maneno yanayokuambia ubonyeze hapo uandike kichwa. Pale ni kishika nafasi. Wengi huyafuta yale maneno kwa hasira, kisha huchora kisanduku chao cha maandishi mahali palepale na kuandika kichwa kwa herufi kubwa. Kwa macho, matokeo ni yaleyale. Tumboni, kishika nafasi kina alama inayosema "mimi ni kichwa cha slaidi hii", na kisanduku hakina alama hiyo. Ni maandishi tu yanayoelea.

Kwa nini ujali? Kwanza, kishika nafasi hutii mpangilio wa slaidi, na mpangilio hutii slaidi mama, ile ambayo programu za Kiingereza huiita slaidi masta. Rangi, aina ya herufi, nembo na mahali pa kichwa hukaa kwa mama, na watoto wote humfuata. Badilisha kwa mama mara moja, slaidi 60 zimebadilika. Nimemwona kijana kwenye saiba akihamisha nembo ya shirika slaidi baada ya slaidi, tangu asubuhi, akilipia kila dakika. Nilipomwonyesha slaidi mama alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Kweli aliibiwa: alikuwa amesomea kozi ya kompyuta na cheti anacho.

Pili, fungua mwonekano wa muhtasari wa faili yoyote iliyotengenezwa kwa visanduku. Utakuta orodha ya nambari na hakuna neno. Mwanafunzi asiyeona, anayetumia kisoma skrini kama NVDA, hutegemea vichwa hivyo kujua yuko slaidi gani na aruke hadi ipi. Sisi tunaona vichwa vikubwa vyenye rangi. Yeye anaambiwa slaidi haina kichwa. Mhadhiri anadhani amewapa wanafunzi wote kitu kimoja, na hakuwapa.

Mnaotumia LibreOffice Impress, jambo ni lilelile ingawa majina hutofautiana kidogo. Huko slaidi mama hubeba kazi nyingi ambazo PowerPoint huzigawa kati ya mama na mipangilio, ndiyo maana ukifungua faili ya pptx humo unaweza kushangaa kukuta mama wengi kuliko ulivyotarajia. Ukijua dhana, majina hayakupotezi.

Kuna jozi nyingine, mpito na uhuishaji. Mpito ni namna slaidi moja inavyoipisha nyingine, uhuishaji ni namna vitu vinavyosogea ndani ya slaidi. Hiyo siitaji zaidi, kwa sababu ndiyo kila mtu anayofundishwa.

Kozi zetu zinafundisha kidole

Na hapo ndipo penye malalamiko yangu. Zile kozi za miezi mitatu tunazoziita pakeji zimewasaidia watu wengi, na sitaki kuzidharau. Lakini nimeziona noti zake nyingi, na somo la slaidi huwa hivi: bonyeza hapa, chagua rangi, weka mpito, weka sauti ya makofi, hifadhi. Ni mafunzo ya kidole. Kidole hujifunza njia, na programu ikibadilisha mahali pa kitufe, kidole hupotea. Mwanafunzi hutoka akijua kuzungusha neno mara tatu hewani, asijue kwamba faili anayoituma ina tumbo.

Ningekuwa na uwezo, somo la kwanza la slaidi lisingegusa rangi. Lingeanza kwa kufungua faili na kuangalia ndani. Dakika kumi tu.

Lawama nyingine ni yetu sisi tunaoandika programu. Zile ikoni za kubandika ni vijipicha vidogo vinavyofanana, na maana yake hujitokeza tu ukisimamisha kipanya juu yake, tena kwa Kiingereza cha kihandisi. Tunajua kwamba chaguo moja hubeba daftari zima, na tunaliweka kando ya lile lisilobeba, kana kwamba ni suala la ladha.

Najua kuna wenzangu watakaosema: mtu wa kawaida hapaswi kujua haya, programu ndiyo iwe na akili ya kumwonya. Nakubali nusu. Onyo lipo tayari, kwa kiasi: PowerPoint ya Windows ina kikaguzi cha hati, na kinaweza kukuonyesha maoni na maelezo ya msemaji yaliyobaki. Lakini lazima ukiite wewe mwenyewe, na huwezi kukiita kabla hujajua kwamba kuna kitu cha kukaguliwa. Tunarudi palepale. Asiye na neno hana swali.

Na maneno yawe yetu

Shangazi anasoma Kiswahili vizuri sana kuliko mimi. Kiingereza anakisoma kwa kazi. Ile ikoni aliyoichagua iliandikwa kwa Kiingereza kwamba inapachika daftari. Neno la Kiingereza la kupachika halikumwambia kitu, kwa hiyo alilipita kama tunavyopita maandishi madogo kwenye fomu. Nilimwuliza: ingekuwa imeandikwa "pachika daftari lote", ungeibonyeza? Hakufikiri hata kidogo. "Ningeuliza, lote la nini?"

Swali hilo moja lingetosha kumwokoa.

Kazi ya kutafsiri programu ilishaanza zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikaweka kiolesura cha Kiswahili. Wengi tulizicheka. Tuliona maneno yale ni mageni, tukarudi kwenye Kiingereza ambacho pia hatukukielewa, ila tulikuwa tumekizoea. Nilikuwa mmoja wa waliocheka, na leo naona tulikosea. Neno geni la Kiswahili hukulazimisha kusimama na kuuliza. Neno la Kiingereza lililozoeleka hukuruhusu kupita.

Sisemi kila neno ninalotumia hapa ndilo sahihi. "Slaidi mama" ni la kwangu, nimelichukua kutoka kwa "kampuni mama". Kama una bora zaidi, lilete. Ninachotaka ni tuwe na neno, lolote litakalomfanya mtu ajue kwamba kitu kipo.

Kabla ya kutuma

Kwa sasa, kabla hujatuma slaidi kwenye kundi lolote, fanya hivi. Kama wapokeaji wanahitaji kusoma tu, tuma PDF, na unapoitengeneza ondoa alama ya kujumuisha slaidi zilizofichwa. Kama ni lazima utume pptx, geuza chati ziwe picha, bana picha zilizokatwa, futa maelezo ya msemaji na slaidi ulizoficha. Kisha tengeneza nakala, ibadilishe kuwa zip, na uchungulie tumbo. Ukikuta folda la embeddings, jiulize kuna nini humo.

Na usidhani ni suala la adabu peke yake. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba taarifa za watu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu kwa kazi husika. Chati ya vipande vitatu haihitaji nambari 43 za vitambulisho.

Shangazi bado ni mweka hazina. Alikwenda kwa kila aliyetajwa kwenye ile safu ya mwisho, akaomba msamaha uso kwa uso. Yule mama alimfungulia mlango, akamsikiliza, akamkaribisha chai. Lakini kwenye chama hajarudi, na shangazi hadhani atarudi.